Mguu Uliocheza Kanisani

Jumamosi, 3 Mei 2025

Leo nimevaa glavu. Mimi, Mutsinzi, niliyeacha sekondari, S2, na mwalimu akamshukuru Mungu hadharani.

Tangu Februari kazi yangu pale zahanati ya kanisa, Kabeza, hapa Kigali, ilikuwa kuchota maji, kupanga foleni na kufukuza kuku wa jirani. Leo wagonjwa walikuwa wengi kuliko viti. Dada Jovia ndiye nesi wetu. Kakulia Uganda, siku nyingine yuko kliniki ya matajiri huko Kiyovu, Jumamosi anakuja kwetu bure, kwa ajili ya Yesu. Kanitazama mimi, katazama foleni, kashusha pumzi. Kasema nikanawe mikono. Nikanawa mpaka kwenye viwiko, kama nilivyowaona wenzangu wa kwenye televisheni.

Kidonda changu cha kwanza: mguu wa mukecuru Mukabalisa. Namjua, ni bibi kizee wa kwetu Niboye, nyumba ya juu kabisa ya kilima, anauza nyanya mlangoni. Sukari imemla hisia za nyayo. Alikanyaga kaa la jiko asijue — akauliza nani anachoma nyama. Anasimulia mwenyewe, anacheka. Nilicheka na mimi. Halafu nikafungua bandeji.

Hapana, kwanza sala. Pale kwetu hakuna bandeji inayofunguliwa kabla mtu hajaomba. Nikaomba mimi, na sauti yangu mnaijua — ninyi nani? Daftari hili halina msomaji. Naandika Kiswahili maana shangazi ninayeishi naye hakisomi. Basi niliomba mpaka fundi Usumani, yule Mwislamu wa cherehani ng'ambo ya barabara, akaitikia Amina ndefu ya kunicheka. Jovia kasema Mungu si kiziwi na mgonjwa anasubiri.

Mukecuru alikuwa ananiangalia nikimwaga maji ya chumvi.

"Mwana wanjye, udaktari umesomea wapi?"

"Tanzania. Darasa la tano, kabla hatujarudi."

"Basi nimepona," kasema.

Pasta Rugamba huwa anasema imani isiyo na mikono ni upepo. Yangu ina mikono. Tena mizuri.


Jumamosi, 10 Mei 2025

Kidonda kinafunga! Kingo zimekuja nyekundu, laini, kama ufizi wa mtoto. Kazi ya nani hiyo? Nimemwonyesha hata Usumani kwa mbali, kasema yeye anashona nguo, nyama hajui.

Mukecuru kaja na mjukuu wake Uwera. Yuko S5, ananidharau kwa Kiingereza. Nikamwambia bibi yake mwezi ujao atakimbia mbio za Kigali. Uwera kasema anza kukimbia wewe.

Jovia kainama, kabonyeza kwa kidole, kanusa bandeji. Hakutabasamu. Kasema juu kunafunga, chini bado. Kidonda cha sukari kinafunga mlango huku mwizi yuko ndani — maneno yake hayo. Vidonge asiache hata siku moja. Asikanyage chini peku. Arudi kila Jumamosi.

Huyu dada hajui kufurahi. Nikamwambia hivyo hivyo. Kasema atafurahi Julai.


Jumapili, 11 Mei 2025

Leo kanisa lilikuwa langu.

Wakati wa ushuhuda mmoja kasimama, Mungu kampa kazi. Mwingine kasimama, mtoto kafaulu. Makofi ya kawaida. Mimi nikasimama na mguu.

Nikasema kuna mguu madaktari waliukatia tamaa. (Hawakuukatia. Chumvi kidogo, chakula hakiliki bila chumvi.) Nikasema tumeuombea, nimeufunga kwa mikono hii, na leo umepona. Watu wakainuka. Pasta akauliza yuko wapi. Yuko nyuma karibu na mlango, na sendo zake. Akina mama wakamshika huku na huku wakamleta mbele, anaficha uso kwa kiganja kama bibi harusi.

Pasta Rugamba mwenyewe akapiga magoti, akafungua bandeji. Pasta, magoti, mbele ya mguu wa muuza nyanya! Kingo zile nyekundu zikaonekana. Kanisa likalipuka. Wakamwambia acheze. Mimi nikarukia ngoma.

Akacheza ile ya kikwetu, mikono juu kama pembe za ng'ombe, nyayo zinapiga sementi, pa, pa. Sikujua kama anajua hivyo. Alikuwa analia na kucheka. Nilipiga ngoma mpaka viganja vikawaka.

Mlangoni watu wamenishika mkono mmoja mmoja kama mimi ndiye niliyehubiri. Hata Uwera kaniangalia kama mtu.

Jovia hakuwepo, alikuwa zamu Kiyovu. Kakosa.


Jumamosi, 17 Mei 2025

Mukecuru hakuja. Jovia kauliza yuko wapi. Nikamsimulia yote, na ngoma nikaipiga juu ya meza. Nilingoja acheke.

Kaweka koleo chini. "Alicheza na nini?"

"Na mguu."

"Bandeji?"

"Dada, sementi ilipigwa deki asubuhi."

Hakucheka. Kasema polepole, na akisema polepole ndiyo mbaya. Nani kakwambia umepona? Nikasema Mungu. Kasema Mungu akikwambia tena, mwambie anipigie na mimi, namba yangu anayo.

Kanivua glavu. Mbele ya foleni nzima. Nimerudi kwa kuku.

Kaniagiza nipande kwa mukecuru nimrudishe. Nitapanda. Hasira zake ziishe kwanza, na zangu.


Jumatano, 21 Mei 2025

Nimepanda.

Mlangoni nyanya hazipo. Ndani kuna wanawake wawili wa mtaani na mtoto mchanga, wamekuja mukecuru awaombee. Kaketi mkekani, miguu kaifunika kitenge. Kanikaribisha kama waziri, chai ya maziwa, mkate. "Daktari wangu huyu," kawaambia wale wanawake. Wakaniamkia vizuri.

Walipoondoka nikasema Jovia anakuita ukafungwe kidonda.

"Kidonda gani?"

"Kile."

Kakaza kitenge miguuni. Halafu kanisogelea, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kasema akionekana pale foleni na bandeji, watu watasema ule ushuhuda ulikuwa wa nini. "Nimecheza mbele ya kanisa, mwana wanjye. Siwezi kurudi nikamwaibisha Mungu."

Na vidonge? Kaviacha tangu siku ile. Kumeza ni kumwambia Mungu kazi yako haikutosha.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nafasi ilikuwepo kabisa, ilikaa pale mkekani kati yetu. Mimi nikasema, "Mukecuru, una akili kuliko mapasta." Akacheka. Nikanywa kikombe cha pili.

Kulikuwa na harufu. Nilijiambia ni maziwa.

Nikitoka, Uwera kanifuata mpaka kwenye ua wa miti ya miyenzi. Kasema bibi hamruhusu auone ule mguu, anauosha mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Nikamjibu, "Hiyo ni imani, dada. S5 hawafundishi."

Jovia kanipigia. Nikamwambia anaendelea vizuri.


Jumapili, 25 Mei 2025

Mukecuru hakuja kanisani. Wakasema labda ana wageni, siku hizi wageni wake wengi.

Wakaniomba ushuhuda. Nikasema koo linauma.


Jumamosi, 31 Mei 2025

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa wetu ulichimba mfereji wa maji ya mvua, chini ya kilima. Nilikuwa ndani ya mfereji nawatania wazee kwamba wanachimba kama wanachokonoa meno. Uwera kaja. Hakupiga kelele. Kanishika kola kutoka juu.

"Njoo unuse," kasema.

Mukecuru alikuwa anatetemeka, anaongea na mumewe aliyekufa zamani, anamwambia afunge ng'ombe. Uwera akavuta kitenge. Sikuutazama mguu. Nilitazama ukutani, kalenda ya kanisa, mwezi bado ulikuwa Aprili. Pua haina pa kutazama pengine, ndiyo shida ya pua.

Gari la wagonjwa haliwezi kufika pale juu. Nikashuka kuita watu. Wanaume wakaacha majembe, tukamkalisha kwenye kiti cha kinyozi, tukamfunga kwa shuka asianguke, tukashuka naye. Nilishika mguu wa mbele wa kiti. Njiani watu walikuwa wengi, ni siku ya kazi ya wote, kila mtu yuko nje. Mwanamke mmoja kasema, "Si ndiye yule aliyepona?"

Hakuna aliyemjibu. Tuliendelea kushuka, polepole, kwa sababu ya mawe.


Jumapili, 1 Juni 2025

Hospitali. Daktari ni kijana, macho mekundu ya usingizi. Kasema sukari iko juu sana, mguu umekufa, sumu inapanda. Ukatwe chini ya goti, haraka.

Homa imeshuka kidogo kwa dawa za mshipa, akili imerudi. Mukecuru kamsikiliza vizuri, kamshukuru, kasema hapana. Hakugomba. Kageukia ukuta.

Jovia alikuwepo. Kazungumza na daktari tu. Heri angenitukana.


Jumatano, 4 Juni 2025

Pale hospitali hawakupikii, ndugu ndio wanaleta chakula. Shangazi kapika maharage na ndizi, mimi nikabeba. Uwera kaenda kuoga, tukabaki wawili. Na wagonjwa wengine, lakini kila mmoja alikuwa na maumivu yake ya kusikiliza.

Nikamlisha. Kala vijiko vichache. Kauliza zahanati kama wagonjwa wapo, nikasema wapo, kauliza kuku, nikasema wapo pia.

Halafu nikamwambia kubali wakate.

Kasema: "Nilicheza, Mutsinzi. Watu walilia. Kuna mama alileta mtoto wake kwangu kwa sababu ya ule mguu. Nikirudi na gongo, yule mama atamwamini nani?"

"Mukecuru, haukuwa umepona."

"Ulisema umepona."

"Niliongeza chumvi."

Akacheka! Na midomo ile mikavu. Kanipiga kidogo mkononi. "Wewe na utani wako. Unataka kunidanganya nikubali kisu."

Nikaapa. Akazidi kucheka mpaka akakohoa. Nikasema Jovia alisema chini bado, nilimsikia kwa masikio haya. Kasema Jovia ni mtoto mzuri lakini imani yake ni ya vidonge. Nikalia, ndiyo, nililia, na hapo akaacha kucheka, akaniangalia. Lakini kumbe hata kulia kwangu anakujua, Pasaka niliigiza Petro nikalia kanisa zima likashika vitambaa.

Mwisho kasema jambo moja, na amefumba macho. "Kama si kweli, ungelisema pale uliposema lile la kwanza. Si hapa sikioni."

Maisha yangu yote nimetafuta mtu wa kuniamini. Nimempata.


Ijumaa, 6 Juni 2025

Jovia kaja hospitali kutoka zamu, kasoma karatasi za kitandani, kanitoa nje. Kasema mpaka Jumatatu. Baada ya Jumatatu hautahitaji kukatwa.

Nilifurahi kidogo. Halafu nikaelewa.

Nimeenda kwa Pasta Rugamba. Kanipokea barazani, anaandika mahubiri. Jumapili ni Pentekoste, wageni wanatoka Kiyovu, wale wanaotuletea dawa za zahanati. Nikamwambia nataka kusimama. Kauliza na ushuhuda gani. Nikamwambia.

Kaweka kalamu chini. Kavua miwani. Nilidhani ataniambia ngoja Jumapili ijayo, na mwenyewe nilitaka aniambie hivyo, nimchukie yaishe.

Kasema: "Ile bandeji niliifungua mimi."

Nikasema ndiyo, Pasta.

"Sijalala vizuri tangu walipomshusha na kile kiti."

Nikasema asimame yeye basi, watamsikiliza. Kasema hapana, neno lilitoka kinywani mwako, mguu unakungoja wewe. Kavaa miwani. Kasema Mungu hajawahi kuhitaji uongo wetu, ni sisi tunaouhitaji. Halafu, kwa sauti ndogo, kama si pasta: "Na dawa, tutaona."

Usiku huu sina hamu ya kuandika utani wowote. Nimetafuta, haupo.


Jumapili, 8 Juni 2025, Pentekoste

Niko hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi. Niandike upesi.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wageni viti vya mbele. Kabla sijasimama nilimpigia Uwera, simu nikaiacha wazi kwenye mfuko wa shati. Tulishapanga: yeye aweke yake sikioni kwa bibi.

Nikasimama. Wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Mpiga ngoma kanipigia ile ya kuingia. Mtu nyuma kasema, "Leo tutacheza."

Nikasema, "Mguu wa mukecuru Mukabalisa haukupona."

Wakacheka. Wengine wakaitikia Haleluya, wakisubiri ule mgeuko, maana mimi huwa nageuza: haukupona — uliota upya! Ndivyo nilivyowazoesha. Walikuwa wameinua mikono tayari. Nikasimama pale natazama ile mikono.

Nikarudia. Nikasema: "Haukupona. Nesi alisema chini bado, nilimsikia. Nikasema umepona kwa sababu nilitaka mniangalie. Mungu hakuniambia kitu. Nilisema mimi. Sasa mguu umeoza, madaktari wanataka kuukata, naye hataki, asije akamwaibisha Mungu. Mukecuru, kama unanisikia, hukumdanganya mtu. Wewe ulicheza tu. Kubali wakukate."

Mikono ikashuka, hapa mmoja, pale mwingine. Mtoto alikuwa analia, mama yake hakumbembeleza. Nikaona yule mama aliyepeleka mtoto mchanga kwa mukecuru, kamkumbatia, ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Pasta Rugamba akainuka kwenye kiti chake, akasema, "Na bandeji niliifungua mimi, mkaniona." Akakaa. Kwaya ilitakiwa kuanza, haikuanza. Wageni walitazama viatu vyao.

Jovia alikuwa karibu na dirisha. Kaniashiria kwa kichwa: nenda.

Nimekuja na pikipiki, kofia ya abiria inanuka jasho la watu wote wa Kigali, sikujali. Uwera kanikuta hapa kwenye korido. Kasema bibi kasikiliza mpaka mwisho, mpaka ule ukimya. Halafu kasema: "Kumbe kijana yule anaweza kuongea bila kelele." Machozi hayakutoka. Ya kwake huwa yanashukia ndani.

Daktari kaja na karatasi na wino wa kidole gumba. Kasema sasa ni juu ya goti, na hata hivyo haahidi kitu. Mukecuru hajaweka kidole. Hajakataa pia. Kamwambia daktari angoje kidogo.

Kasema anataka shahidi aje kwanza. Yule aliyesema umepona, aje afunue mwenyewe, autazame vizuri, amwambie ameona nini. Akishamwambia, yeye atajua la kumjibu daktari. Uwera kanieleza hivyo bila ukali wowote, kama anayenipa ujumbe wa dukani.

Nimeenda kunawa mikono. Nimerudi. Nimeenda tena.

Mlango wa wodi uko wazi. Kitanda chake ni cha tatu, naona ncha ya shuka, na daktari kasimama na karatasi yake, anaangalia saa. Harufu inafika mpaka hapa benchini.

Uwera kasimama mlangoni, ananiita kwa mkono. Nimemwambia nakuja.

Ananiita tena.

Nimesema nakuja. Bado nimekaa, naandika